Data Hii ni ya Nani? Mwongozo wa Kupanga Hali ya Programu ya Wavuti

Kuna wakati watumiaji wa Facebook walisumbuliwa na kialama chekundu. Kilikaa juu ya ukurasa kikiwaarifu kwamba wana ujumbe mmoja ambao hawajausoma. Mtu akibofya, hakuti kitu. Kialama kinazimika, baada ya muda kinawaka tena. Wahandisi walikirekebisha, malalamiko yakatulia, kisha kasoro ileile ikaibuka upya. Katika mkutano wa F8 wa mwaka 2014, mhandisi Jing Chen alieleza mbele ya wasanidi programu chanzo cha balaa hilo. Taarifa moja, yaani ujumbe upi umesomwa na upi bado, ilikuwa ikiguswa na sehemu kadhaa za ukurasa. Dirisha la gumzo lilikuwa na msimbo wake, ukurasa wa ujumbe ulikuwa na wake, na kialama cha juu kadhalika. Dawa waliyoileta, wakaiita Flux, ilikuwa kulazimisha mabadiliko yote yapite njia moja na kuelekea upande mmoja.

Tatizo hilo si la Facebook peke yake. Kila ukurasa unaoitikia vidole vya mtumiaji una mambo ya kukumbuka: ameingia kwenye akaunti au la, amechagua nini, menyu iko wazi au imefungwa, orodha iliyoombwa kwenye seva imefika au inasubiriwa. Mambo hayo yote kwa pamoja ndiyo hali ya programu. Yakitunzwa mahali pawili, ipo siku pawili hapo patatofautiana, na wa kwanza kugundua atakuwa mtumiaji.

Tangu wakati ule maktaba za kusimamia hali zimemiminika: Redux, MobX, Recoil, Zustand, Jotai, Pinia na nyingine nyingi. Ndiyo maana msanidi anayeanza mradi hukimbilia kuuliza, "Nitumie Redux au Zustand?" Swali hilo linakuja mapema mno. Linalopaswa kutangulia ni hili: data hii ni ya nani? Ukishamjua mwenyewe, uchaguzi wa maktaba unakuwa mwepesi, na mara nyingi utakuta hukuihitaji kabisa.

Chukua mfano wa tovuti ya kukata tiketi za basi kati ya Nairobi na Mombasa. Abiria anataja anakotoka, anakokwenda na tarehe. Anaona orodha ya mabasi, anachagua viti, anajaza jina na namba ya simu, kisha analipa kwa M-Pesa. Kurasa zenyewe hazizidi tano, lakini karibu kila aina ya hali imo humo.

Ya seva iachiwe seva

Orodha ya mabasi, nauli na viti vilivyobaki si mali ya kivinjari. Ni mali ya hifadhidata iliyo nyuma ya seva. Kilichomfikia abiria ni nakala tu, na nakala hiyo huanza kuchakaa mara inapotua, kwa kuwa abiria mwingine aliyeko Voi anaweza kuwa anakichukua kiti namba 14 sekunde hiyohiyo.

Kwa miaka mingi mazoea yalikuwa kuimwaga nakala hiyo kwenye stoo kuu ya programu pamoja na kila kitu kingine. Matokeo yake, msanidi aliandika kwa mkono hatua zilezile kwa kila orodha: ombi limeanza, limefaulu, limeshindwa. Baada ya hapo alibaki na maswali magumu. Data hii iombwe tena lini? Komponenti mbili zikiihitaji kwa pamoja, ziombe mara mbili? Mtandao ukikatika katikati, nini kifanyike? Nusu ya msimbo wa programu nyingi ilikuwa ikijibu maswali hayo, tena kwa majibu yanayotofautiana kutoka ukurasa hadi ukurasa.

Zana za kazi hiyo sasa zipo, nazo zimekomaa. SWR ya kampuni ya Vercel ilitoka mwaka 2019. React Query, iliyoanzishwa na Tanner Linsley, leo inajulikana kama TanStack Query. Wanaotumia Redux wana RTK Query, iliyoongezwa mwaka 2021. Zote zinaanza na ukweli mmoja, kwamba kilichomo kwenye kivinjari ni nakala ya kitu cha mtu mwingine.

Mipangilio ya awali ya TanStack Query inafaa kusomwa kabla hujaandika mstari wa kwanza, kwa sababu inawashangaza wengi. Data ikishafika, maktaba huihesabu imechakaa papo hapo. Abiria akitoka kwenda kujibu ujumbe wa WhatsApp kisha akarudi kwenye kichupo, huonyeshwa nakala iliyopo huku nyingine mpya ikiombwa kimyakimya. Ombi likishindwa hurudiwa mara 3, na kila mara muda wa kusubiri huongezwa. Data ambayo hakuna komponenti inayoitumia hutupwa baada ya dakika 5. Mtandao ukipotea kabisa, maombi husimama mpaka urudi.

Kwa mtu aliye safarini, ambaye mtandao wake unakuja na kupotea, tabia hizo ni msaada mkubwa. Lakini bando ni lake, na kila ombi linalorudiwa linalila. Kwa hiyo weka muda wa uhai wa data, yaani mpangilio wa `staleTime`, kulingana na data yenyewe. Majina ya miji yenye vituo vya basi yanaweza kukaa siku nzima bila kuombwa tena. Viti vilivyobaki vipewe sekunde chache tu.

Kuna jambo moja la kukataa moja kwa moja. Maktaba hizi zinaruhusu kuonyesha matokeo kabla seva haijajibu, ili programu ionekane ya haraka. Kwa kitufe cha kupenda picha, hakuna neno. Kwa kiti cha basi, usifanye hivyo. Abiria asiambiwe kiti ni chake mpaka seva ikubali, hata kama itamlazimu kusubiri kidogo.

Anwani ya ukurasa ni stoo pia

Miji, tarehe, mpangilio wa orodha kwa bei au kwa saa ya kuondoka: haya ni ya abiria, na mahali pake ni kwenye anwani ya ukurasa. Kwa mfano:

`/safari?kutoka=Nairobi&kwenda=Mombasa&tarehe=2026-04-03`

Kipimo chake ni rahisi. Nakili anwani hiyo, mtumie ndugu yako kwa WhatsApp. Akifungua akaona orodha uliyoiona wewe, umefanya vizuri. Akikutana na fomu tupu, hali uliificha mahali pasipostahili. Kitufe cha kurudi nyuma kitakupa jibu lilelile: mtu aliyetazama basi moja kisha akarudi asilazimike kuandika upya tarehe yake.

Hakuna maktaba ya kununua wala kusakinisha kwa kazi hii. `URLSearchParams` imo ndani ya vivinjari vyote vya kisasa, na React Router ina `useSearchParams`. Sharti ni moja: tarehe ikishakaa kwenye anwani, isinakiliwe tena kwenye `useState` ya React. Isomwe kutoka kwenye anwani kila inapohitajika. Na namba ya simu au tokeni ya kuingilia isipelekwe huko hata mara moja, maana anwani hubaki kwenye historia ya kivinjari na kwenye kumbukumbu za seva.

Mambo machache yanayotakiwa kudumu hata kivinjari kikifungwa, kama lugha aliyoichagua mtumiaji, yaende `localStorage`. Nafasi yake ni megabaiti 5 hivi kwa tovuti, inatunza maandishi tu, na kila skripti iliyo kwenye ukurasa inaweza kuisoma. Sababu hiyo ya mwisho inatosha kuweka tokeni za akaunti mbali nayo.

Kilichobaki karibu na skrini

Menyu iliyo wazi, maandishi yanayoendelea kuandikwa, dirisha la kuthibitisha: hali hizi ni za komponenti moja. Ziache palepale, ndani ya `useState`. Komponenti mbili zikihitaji kitu kimoja, mathalani ramani ya viti na muhtasari wa malipo, pandisha hali hiyo hadi kwa mzazi wao wa karibu. Kuipitisha kwenye ngazi mbili au tatu za propsi si aibu. Ni njia inayosomeka, na anayekuja nyuma yako ataona data inatoka wapi.

Hapa ndipo penye kosa linalorudiwa kuliko mengine yote, nalo linastahili kutazamwa kwa karibu. Tuseme nauli ni shilingi 1,500 na abiria amechagua viti 3. Msanidi anaweka viti kwenye `useState`, kisha anaweka jumla ya 4,500 kwenye `useState` nyingine, na kuandika `useEffect` ya kuibadilisha jumla kila viti vinapobadilika. Abiria akiongeza kiti cha nne, React inachora skrini kwanza ikiwa na viti 4 na jumla ya zamani, ndipo inachora tena kwa jumla mpya. Baadaye mwenzake anaongeza punguzo la watoto, anasahau kuigusa hesabu hiyo, na abiria anaonyeshwa bei isiyo sahihi. Ni ugonjwa uleule wa kialama chekundu: ukweli mmoja umeandikwa mara mbili.

Tiba yake ni mstari mmoja:

`const jumla = viti.length * nauli;`

Kinachoweza kukokotolewa kutoka kwenye kingine kisitunzwe. Punguzo nalo liingie kwenye hesabu hiyohiyo. Kabla hujaongeza kipengele chochote kwenye hali, jiulize kama hakipatikani tayari kwa kukokotoa. Jibu likiwa ndiyo, umejiepusha na kasoro ambayo ingekugharimu usiku mzima.

Jambo jingine dogo linalowaumiza wanaoanza: `viti.push(14)` haitabadilisha chochote kwenye skrini. React hulinganisha thamani ya zamani na mpya, na orodha ile ikiwa ni ileile, inaona hakuna lililotokea. Tengeneza orodha mpya, `[...viti, 14]`, kisha uikabidhi.

Malipo yanataka hali moja, si bendera tatu

Ukurasa wa malipo ndio unaopima kama mpangilio wako ni imara. Wengi huanza na bendera tatu za ndiyo au hapana: inapakia, imefaulu, imeshindwa. Bendera tatu zinazalisha michanganyiko 8, wakati inayoeleweka ni 4 tu. Minne iliyobaki ni upuuzi, kama malipo yaliyofaulu na kushindwa kwa pamoja, na ipo siku programu itaangukia humo.

M-Pesa inaonyesha vizuri kwa nini bendera hizo hazitoshi. Ukitumia Daraja, jukwaa la Safaricom kwa wasanidi, seva yako ndiyo inayoomba Safaricom ipeleke ombi la malipo kwenye simu ya abiria. Abiria anaingiza PIN yake kwenye simu. Matokeo hayarudi kwenye kivinjari. Yanatumwa kwenye seva yako, baadaye. Namba ya matokeo ikiwa 0, malipo yamepita. Ikiwa 1032, abiria ameghairi. Ikiwa 1037, muda umekwisha na simu haikupatikana. Kwa hiyo hali za kweli ni kama hizi: haijaanza, inasubiri PIN, imelipwa, imeghairiwa, muda umekwisha. Ziandike kama neno moja linalobadilika, si bendera. `useReducer` inatosha: unaorodhesha ni hali gani inaweza kufuata ipi, na fanksheni moja inakataa hatua zisizoruhusiwa.

Halafu kivinjari kinaiuliza seva kila baada ya sekunde chache mpaka jibu la mwisho lipatikane. TanStack Query inafanya hivyo kwa mpangilio wa `refetchInterval`, ambao unaweza kupewa fanksheni ya kuusimamisha malipo yakishakamilika. Namba ya oda iwe kwenye anwani ya ukurasa. Simu ya abiria ikizimika katikati, akiifungua tena anakuta hali yake ikisomwa kutoka kwenye seva, wala hashawishiki kulipa mara ya pili.

Wanaoshughulika na mtiririko mrefu zaidi, kama fomu za bima au mikopo yenye hatua nyingi, waitazame XState ya David Khourshid. Msingi wake ni michoro ya hali aliyoitangaza mwanasayansi David Harel mwaka 1987. Kwa menyu ya kufungua na kufunga, XState ni mzigo usio na sababu. Kwa pesa za watu, inafaa kufikiriwa.

Sasa maktaba zenyewe

Ukiondoa ya seva, ya anwani na ya komponenti, kinachobaki ni kidogo: aliyeingia ni nani, lugha gani inatumika, viti gani vimechaguliwa tangu ukurasa wa pili hadi wa malipo. Ni hapa tu ndipo inafaa kulinganisha maktaba.

Context ya React, kwa sura yake ya sasa, ilikuja na toleo la 16.3 mwezi Machi 2018. Kazi yake ni kufikisha thamani mbali bila kupita kila ngazi. Haisimamii hali, inaisafirisha. Thamani ikibadilika, kila komponenti inayoisoma huchorwa upya, hata kama ilihitaji kipande kidogo tu. Kwa lugha au rangi za mandhari, ambazo hubadilika kwa nadra, inatosha kabisa. Kwa ramani ya viti inayobadilika kila mguso, utaona simu za bei nafuu zikikwama.

Redux ni kazi ya Dan Abramov na Andrew Clark. Abramov aliionyesha mjini Paris Julai 2015, katika mkutano wa ReactEurope, akiweza kurudisha programu nyuma na kuipeleka mbele hatua kwa hatua. Ilichota mawazo kutoka Flux na lugha ya Elm: stoo ni moja, hairuhusiwi kuguswa moja kwa moja, na kila badiliko ni tendo lenye jina. Gharama yake ilikuwa wingi wa maandishi, na watu waliivamia hata pasipohitajika, kiasi kwamba mwaka 2016 Abramov mwenyewe aliandika makala ya kuwaambia huenda hawaihitaji.

Redux ya leo ni Redux Toolkit, na tofauti ni kubwa. Inatumia maktaba ya Immer, hivyo unaandika kana kwamba unabadilisha data moja kwa moja, huku nakala mpya ikitengenezwa kwa niaba yako. Ukijifunza kutoka video inayoanza na `createStore`, ifunge utafute nyingine. Fanksheni hiyo iliwekewa alama ya kuachwa mwaka 2022. Nguvu ya Redux iko kwenye timu kubwa: kila tendo linaacha alama, na mtu akileta malalamiko, unaweza kufuatilia ni tendo gani lilileta hali hiyo.

Zustand ni nyepesi sana, na faili moja fupi inatosha kuanza. Lakini itumie kwa uangalifu. `useStoo(s => s.viti)` huchora komponenti pale tu viti vinapobadilika, ilhali `useStoo()` tupu huichora kwa kila badiliko la stoo nzima. Na kama kurasa zako huandaliwa kwenye seva, kama ilivyo kwa Next.js, usiache stoo moja ikatumiwa na maombi yote. Data ya abiria mmoja inaweza kuonekana kwa mwingine, na hilo si kosa dogo. Tengeneza stoo mpya kwa kila ombi.

Jotai hugawanya hali katika vipande vidogo vinavyotegemeana, na inafaa pale skrini ina mamia ya visanduku, kama jedwali la hesabu. MobX ya Michel Weststrate, ambaye pia ndiye aliyeandika Immer, huangalia yenyewe ni data gani komponenti imesoma na kuichora upya kwa hiyo tu.

Recoil inafundisha jambo jingine. Ilitoka Facebook mwaka 2020, ikapendwa upesi, haikuwahi kufika toleo la 1.0, na Januari 2025 hazina yake ya msimbo ikafungwa. Jina la kampuni kubwa si dhamana. Ficha maktaba yoyote unayoichagua nyuma ya fanksheni zako mwenyewe, kama `useVitiVilivyochaguliwa()`, ili siku ya kuhama uguse faili moja badala ya hamsini.

Walio nje ya React wasidhani mambo haya hayawahusu. Vue inapendekeza Pinia, iliyochukua nafasi ya Vuex. Angular ilianza kuleta ishara, yaani thamani zinazowajulisha wasomaji wake zinapobadilika, katika toleo la 16 la Mei 2023. Svelte 5 ilifuata Oktoba 2024 kwa utaratibu wa aina hiyo, na Solid ilijengwa juu ya utaratibu huo tangu mwanzo. Wazo lenyewe ni la zamani. Maktaba ya Knockout ilikuwa nalo mwaka 2010. Tangu Aprili 2024 kamati inayosimamia lugha ya JavaScript ina pendekezo la kuziingiza ishara kwenye lugha yenyewe, likiwa hatua ya kwanza. Zana zinatofautiana, lakini nauli bado ni ya seva na tarehe bado ni ya anwani.

Ukiwa na mradi wa zamani ambao stoo yake imejaa, usiandike upya kila kitu. Fungua faili za stoo, pitia kipengele kimoja kimoja, na kando ya kila kimoja andika mwenyewe ni nani. Anza kuhamisha vya seva, ukurasa mmoja kwa wakati, kwa kuwa hivyo ndivyo huwa vingi. Kisha futa vinavyoweza kukokotolewa. Ukiwa unaanza upya katika React, anza na `useState`, anwani ya ukurasa na TanStack Query. Ongeza Context kwa lugha na akaunti. Zustand ingojee mpaka kurasa mbili zilizo mbalimbali zihitaji kushiriki kitu kinachobadilika mara kwa mara. Redux Toolkit ni ya mradi wenye watu wengi na kanuni nyingi za biashara. Kwa mradi wa mtu mmoja au wawili, isiwe kitu cha kwanza kusakinishwa.